Dakika Ishirini za Huruma

12 Januari

Mjomba wangu Nyundo,

Shikamoo. Na mkazamjomba naye mpe shikamoo yake, umwambie goti lisipopata nafuu mwezi huu nitakuja kuligombeza mimi mwenyewe. Huku sote wazima. Baba aliamua kuipaka rangi nyumba nzima kwa mkono wake. Akaanza na mlango wa mbele, na hadi leo tuna mlango mpya wenye nyumba kuukuu. Mdogo wangu amepata kazi kwenye duka la vioo na ameshavunja kimoja, ila anasema kilikuwa kidogo. Binti yangu ameng'oka meno mawili ya mbele na anacheka makusudi mbele ya wageni ili wayaone mapengo.

Najua unajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu inataka neno litoke papo hapo, na baadhi ya maneno yangu hupenda kusimama mlangoni kwanza. Kwenye karatasi kigugumizi hakinijui. Halafu wewe kwenye simu hunimalizia sentensi, na mara nyingi unaimalizia mahali nisipokwenda.

Haya, jambo lenyewe. Ile kazi ya uhadhiri niliyokuambia mwaka jana nikiwa na furaha tele, sikuipata.

Barua yao inatoa sababu mbili. Ya kwanza, mwombaji hakuonyesha uwezo wa kufundisha kwa muda wote unaotakiwa. Ya pili, hakuonyesha uwezo wa kujibu maswali ya wanafunzi. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kama ningefundisha vibaya ningekuwa wa kwanza kukuambia, unanijua. Nilifundisha vizuri, Mjomba. Mada yangu ilikuwa kwa nini kisima cha mtu hukauka wakati cha jirani yake kina maji, na wanafunzi waliokuwa wanasinzia kwa joto waliamka mmoja mmoja wakaanza kuandika. Nilikwama mara kadhaa, kama kawaida yangu. Nikangoja, neno likaja, nikaendelea. Nilikuwa ndiyo kwanza nimechora tabaka la pili la mwamba pale mkuu wa idara alipoinuka, akapiga makofi, akasema, "Asante sana binti yetu, inatosha, umejitahidi." Nikadhani muda umekwisha. Nikafuta ubao nikatoka.

Juzi, kwenye duka la kutoa kopi, nikakutana na mchora ramani mmoja tuliyesailiwa naye siku ile. Naye hakupata. Akaniuliza, "Wewe wale wanafunzi walikubana na maswali gani?" Nikamuuliza maswali gani tena. Ndipo akanieleza: kila mtu alipewa dakika arobaini za kufundisha, kisha wanafunzi wakaachiwa wamhoji wapendavyo. Mimi nilikatwa kwenye ishirini na sikuulizwa hata jina.

Nikaandika kuomba alama zangu. Sheria inawataka wazitunze alama za kila aliyesailiwa. Wakajibu kwamba kumbukumbu za usaili wangu hazipatikani kwa sasa. Za mchora ramani aliomba akapewa siku hiyohiyo. Zangu tu ndizo zilizoota miguu.

Kwa hiyo nimefungua shauri kwenye baraza la malalamiko ya kazi. Usishtuke. Nimepata wakili, mwanamke mfupi anayetembea kama amechelewa mahali, na baraza limezuia nafasi ile isijazwe hadi shauri liishe. Sitafuti fidia. Nataka kazi ile kwa sababu naiweza, na nadhani wao pia wanajua naiweza.

Swali moja kabla sijasahau. Nilipopeleka barua yangu ofisini kwa mkuu wa idara niliona ukutani picha ya shule yenu ya bweni, na yeye ni wa rika lako. Je, unamfahamu?

Mpwa wako anayekupenda

*

20 Februari

Kwako mama yangu, msomi wa ukoo,

Marahaba, marahaba, marahaba! Kwenye mnada wangu kitu kikitajwa mara tatu kimeuzwa, kwa hiyo heshima yako nimeshaichukua, hairudi.

Nimechelewa kujibu, usininunie. Kazi zimenizidi. Tumeuza vifaa vyote vya daktari wa meno aliyestaafu, na kile kiti chake cha kulaza watu kimechukuliwa na kinyozi. Anasema wateja wake watalala wakinyolewa. Kulikuwa na bwana mmoja anajikuna sikio nyuma kabisa, nikamuuzia kabati. Mkazamjomba wako amesoma barua yako, na siku ya pili goti likapungua. Anasema limeogopa. Binti yako mwambie mapengo hayo ni mtaji, ajifunze kupigia mbinja.

Sasa hili la chuo. Nilipoisoma nilikasirika hadi nikatoka nje kuzunguka nyumba. Mtoto wa dada yangu, aliyesoma mpaka vitabu vikaomba poo, eti hana uwezo! Lakini mama, hasira ni yangu na maisha ni yako. Wakubwa walisema mwenye nguvu mpishe. Chuo kina mawakili, kina majengo, kina watu wa kuandika barua kutwa. Wewe una mtoto na baba mwenye kopo la rangi.

Kama huwezi kuacha, basi niruhusu nije nikusemee. Mdomo huu umewahi kuuza jiko lenye miguu mitatu kwa mtu aliyekuja kutafuta kitanda. Nitashindwa na hakimu mmoja? Wewe utakaa pembeni, utulie, nami nitawaeleza vizuri kuliko hata kichwa chako kinavyofikiri. Tulifanya hivyo tangu ulipokuwa mdogo, na hakuna duka uliloingia nami ukakosa ulichotaka.

Kuhusu swali lako, shule ile ilikuwa na wavulana wengi mno, sote tumenyolewa kipara, sote tumevaa kaptura za rangi moja. Nani atamkumbuka nani? Hata mchungaji aliyekuwa mkuu wa shule hakututambua.

Mjomba wako,
Nyundo

*

6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Kuhusu kinyozi nimecheka hadi baba akaja kuuliza kuna nini. Amefika dirishani sasa na rangi yake, ila ameona rangi ya mlango haimfai tena, kwa hiyo dirisha lina rangi nyingine. Mdogo wangu amepandishwa cheo: sasa anakata vioo badala ya kuvibeba, jambo ambalo sisi nyumbani tunaliona la hatari zaidi. Binti yangu anapiga mbinja kutwa na walimu wake wanakushukuru.

Asante kwa kutaka kuja, lakini hapana. Ni kweli sikukosa kitu dukani nikiwa nawe. Ila kumbuka ile siku nilitaka daftari la mistari ukaninunulia la michoro, kwa sababu nilisema "la mi" ukanimalizia. Nilichora visima mwaka mzima. Labda ndiyo maana nimefika nilipofika, lakini tusiendelee hivyo.

Kumekucha huku. Chuo kimeniletea ujumbe kupitia wakili wao. Nikifuta shauri watanipa kazi ya utafiti. Ofisi ipo chini ya maktaba, ina meza, ina kabati la mawe, haina wanafunzi. "Mazingira tulivu yatakayomfaa," ndivyo walivyoandika. Nilikwenda kuiona. Ni chumba kizuri, Mjomba, sitadanganya. Kuna dirisha dogo juu ambalo kwalo unaona viatu vya watu wanaopita kwenda darasani. Nilikaa pale kidogo nikitazama vile viatu, kisha nikapanda ngazi nikawaambia sitaki.

Wanapendekeza pia kwamba siku ya shauri maelezo yangu yasomwe na mtu mwingine, kwa kunijali. Wakili wangu aliponiambia alikuwa ameuma midomo asicheke. Tumekataa. Tutasikilizwa mwezi wa tano na nitasema mwenyewe, hata kama watalazimika kuagiza chai mara mbili.

Sina wasiwasi, amini usiamini. Wana jambo moja tu la kueleza, zipo wapi alama zangu, na sijaona mtu anayelieleza vizuri.

Na wewe hukujibu swali langu, umenichekesha tu. Nakujua. Unamfahamu mkuu wa idara au humfahamu?

Mpwa wako

*

17 Aprili

Mama yangu,

Marahaba. Samahani kwa ukimya. Mkazamjomba wako alikuwa na homa lakini sasa anatembea, anapika, anagomba, kwa hiyo amepona. Mnada wetu umehamia ukumbi mpya wenye mwangwi. Nikitaja bei, ukuta nao unaitaja, na wiki ya kwanza watu wawili walishindana na mwangwi.

Nimeifikiria sana ile ofisi ya chini ya maktaba. Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu. Meza unayo, mawe unayo, na hakuna wa kukusumbua. Utaandika, utachapisha, jina lako litasomwa na watu ambao hawatakusikia ukikwama. Kuna ubaya gani?

Nitakuambia jambo bila mzaha. Naogopa. Ulikuwa darasa la nne nilipokuja kukuchukua shuleni nikakuta umesimamishwa mbele usome shairi, na darasa zima linapiga meza kila ukikwama. Mwalimu anatabasamu. Niliingia bila hodi nikakubeba. Mama yako alikuwa mgonjwa wakati ule, na jioni yake aliniambia, "Kaka, huyu usimwache adhalilike." Hakuniomba kingine chochote hadi anafariki. Sasa wewe unataka kwenda mwenyewe ukasimame mbele ya hakimu na mawakili, na watu wamekaa kwenye mabenchi. Nikifikiria hivyo silali vizuri.

Kubali kile chumba. Nifanyie mimi hisani hiyo.

Lile swali liache. Mtu akifika umri wangu amejuana na watu wengi.

Nyundo

*

25 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Baba mzima, mdogo wangu mzima, mtoto mzima.

Shauri limesikilizwa. Nitakueleza lote kwa mpangilio, maana nataka ulisikie kutoka kwangu.

Chumba ni kidogo kuliko nilivyodhani, kina feni moja inayolia. Hakimu ni mama mwenye mvi na kikombe chake mwenyewe. Wakili wa chuo alianza kwa kusema wangependa maelezo yangu yasomwe kwa niaba yangu. Nikainuka nikasema, "Ni-ni-nitasema mwenyewe." Hakimu akaweka kalamu chini, akasema, "Tunakusikiliza, mama. Hatuna haraka." Nikasema. Nilikwama sana, kuliko siku ya usaili, na kuna neno moja lilichukua muda hadi feni nikaizoea. Hakuna aliyepiga meza. Nilieleza kisima, ubao, makofi, duka la kopi, barua. Nilipokaa moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Laiti ungeniona.

Kisha akaja mkuu wa idara. Si mtu mbaya, hilo ndilo linalochosha. Ana sauti ya upole, na kila mara ananiita binti yetu. Wakili wangu akamuuliza kwa nini walinikatisha.

"Hatukumkatisha," akasema. "Tulimpunguzia."

"Nani mwingine alipunguziwa?"

"Hakuna mwingine aliyehitaji."

"Na maswali ya wanafunzi?"

"Niliwaomba vijana, kabla hajaingia, wasimuulize chochote. Unajua vijana. Sikutaka wamcheke."

Alisema hivyo akijivuna, Mjomba. Alikuwa anasubiri ashukuriwe.

Wakili akamuuliza zilipo alama. Akaeleza kwa utaratibu, kama anafundisha. Nusu ya alama ni za somo lote la dakika arobaini na kujibu maswali. Mimi sikupewa dakika hizo wala maswali hayo, kwa hiyo wangeandika nini? "Kumwandikia sifuri ingekuwa ukatili," akasema. "Wanajopo wote tukaacha wazi. Na fomu isiyo na jumla haiingizwi kwenye jalada, ndiyo kanuni yetu. Nadhani zilitupwa na makaratasi mengine."

"Kwa hiyo alama hazikupotea."

"Hazikupotea. Hazikuandikwa."

"Lakini barua yenu inasema hakuonyesha uwezo wa kujibu maswali."

Akafikiri. "Ni kweli," akasema. "Hakuonyesha." Watu wakaangua kicheko, hata karani, na hakimu akagonga meza. Mkuu wa idara akatazama huku na huku, hajui wanacheka nini.

Hapo ndipo hakimu alipomuuliza yeye mwenyewe, "Huyu mama aliwaomba mumpunguzie?"

"Yeye hakuomba. Familia yake iliomba." Akatabasamu. "Mjomba wake. Tulilala bweni moja, kitanda kimoja cha ghorofa, Nyundo juu mimi chini. Alinipigia wiki moja kabla ya usaili. Akaniambia, mtoto ana kichwa kizuri, lakini ukimwacha muda mrefu mbele za watu atateseka, mfanyie wepesi. Nami nikamfanyia wepesi."

Sikuanguka, usiogope. Nilitazama feni.

Nimekasirika na wewe kuliko nilivyokasirika na chuo kizima. Wao hawanijui. Wewe unanijua. Nilikuambia habari za usaili ule kwa sababu nilikuwa na furaha, na wewe ukaichukua furaha yangu ukaenda kuiombea msamaha kwa mtu. Nimekuuliza mara mbili. Mara ya kwanza umenitania, mara ya pili umemleta mama yangu. Hilo la mama limeniuma zaidi. Alikuambia usiniache nidhalilike, hakukuambia unifiche.

Sasa wakili wa chuo ameling'ang'ania neno lako. Anasema familia ndiyo kinywa cha mtu kama mimi, na kwamba mjomba akiomba ni mimi nimeomba, kwa hiyo chuo hakikunibagua, kilinitii. Hakimu ametaka kikao kingine, tarehe ishirini na saba mwezi ujao, ajue kama nilikutuma au hata kama nilijua. Bila hilo shauri halina mwisho mzuri.

Sikuombi uje. Nakuambia tu lilivyo.

Mpwa wako

*

1 Julai

Mama yangu,

Sijui kama nina haki ya kuuliza hali, lakini nauliza. Hamjambo? Sisi hatujambo. Mkazamjomba wako hajanisemesha tangu barua yako ilipofika, ila chakula ananipa.

Sikukujibu kwa barua. Nilianza kuandika mara kadhaa na kila mara nilijikuta naandika mzaha, nikachana. Nikaona bora nipande basi.

Uliniona nilipoingia, nami nilikuona. Ulivaa ile nguo ya kijani. Nilitaka kuja kukusalimu lakini wakili wako mfupi akanielekeza kwa kidole nikae upande mwingine, na mtu akielekezwa na yule mama anakaa.

Nilikuwa nimejiandaa, sitaki kukudanganya. Njia nzima ndani ya basi nilipanga maneno. Nilitaka kuanza na utoto wako, nipite kwa mama yako, nifike kwenye vitabu, nimalize na sauti ya chini hadi karani alie. Nimefanya kazi ya kusema maisha yangu yote na sijawahi kupata ukumbi mtulivu kama ule. Nikafungua mdomo, "Mheshimiwa, mtoto huyu alipozaliwa," na hakimu akanyanyua mkono.

"Mzee, utajibu ndiyo au hapana. Ulimpigia simu mkuu wa idara?"

"Ndiyo, lakini..."

"Ndiyo inatosha. Mpwa wako alikutuma?"

"Hapana."

"Alijua?"

"Hapana."

"Kama angejua, angekuruhusu?"

Nikakutazama. Ulikuwa umenikazia macho. "Hapana," nikasema. "Tena ange..."

"Asante, mzee. Unaweza kushuka."

Basi, ndiyo kazi yote. Nimesafiri siku nzima kwenda kusema maneno manne. Mkuu wa idara alinifuata kule nje akanishika mkono, akaniuliza kwa nini nimemgeuka, akasema alifanya kama nilivyomwomba. Nikamwambia ni kweli, alifanya kama nilivyomwomba, na sote wawili tulikuwa wajinga. Hakupenda. Sidhani tutasalimiana tena.

Halafu nikakusikia. Mlango ulikuwa wazi nami nilikuwa nimesimama kwenye korido nikitafuta kofia yangu. Walikuwa wamekuita tena mbele. Kuna neno ulikwama. Nilishika fremu ya mlango kwa mkono huu. Nilijua neno lenyewe, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, na nilikuwa karibu kulipaza. Ukangoja. Hakimu akangoja. Kisha ukasema neno jingine kabisa, si lile nililodhani, na lilikuwa bora kuliko langu.

Nilitaka usiumie. Sikuwahi kukuuliza ni kipi kinachokuuma. Nisamehe, mama. Nilipanda basi la jioni kwa sababu sikuwa na uso wa kukaa.

Mjomba wako

*

29 Agosti

Mjomba wangu Nyundo,

Shikamoo, na mpe mkazamjomba shikamoo yake. Najua ameanza kukusemesha, kwa maana ameniandikia kunieleza kwamba hajaanza. Baba amemaliza nyumba! Ina rangi nne, na majirani wanaitumia kuelekezea wageni. Mdogo wangu alijikata kidole kidogo, ameshonwa, amerudi kazini anatamba. Mapengo ya binti yangu yameziba na mbinja imepotea, jambo lililoleta msiba nyumbani.

Nimekaa kimya miezi hii na nilikuwa na sababu. Samahani yako nimeipokea siku ileile ilipofika. Ila kupokea ni jambo moja na kuandika kwa mkono mtulivu ni jingine, nikaona nisubiri.

Hukumu ilitoka mwisho wa mwezi wa saba. Hakimu ameandika kwamba asiyetunza kumbukumbu hawezi kuzitumia kujitetea, na kwamba huruma ambayo mwenyewe hakuiomba, ikimnyima mtu nafasi waliyopewa wenzake, ni ubaguzi kama ubaguzi mwingine. Maneno yako manne yamo, yameandikwa yote. Alinipa nichague: fidia, au usaili urudiwe na jopo jipya, kwa wote tulioomba, alama zisomwe mbele yetu.

Wakili wangu alisema nichukue fidia nikanunue nyumba ambayo baba hajaifikia. Baba alisema vivyo hivyo. Nilichagua usaili. Hata yule mchora ramani alinishangaa, maana na yeye alikuwa anarudi kushindana nami.

Usaili ulikuwa Jumanne iliyopita. Ukumbi uleule, ubao uleule. Nilirudia kisima changu. Mwanzoni kabisa, kwenye neno la tatu, nilikwama vibaya, Mjomba, ule mkwamo mkubwa unaoujua, wa kufunga macho. Nikasikia wanafunzi wanajisogeza kwenye viti. Mwenyekiti mpya wa jopo, mzee mkavu asiyetabasamu, hakufanya lolote. Neno likatoka. Nikaendelea hadi tabaka la pili la mwamba, la tatu, hadi maji. Hakuna aliyepiga makofi katikati. Nilipotazama saa, dakika arobaini zilikuwa zimepita na mimi bado nilikuwa na mengi.

Halafu maswali. Walinibana! Msichana mmoja alisema mchoro wangu una kosa, nikamwonyesha hauna. Kijana mwingine akasema kisima cha kwao kimekauka kinyume na nadharia yangu, tukabishana hadi nikakubali kwamba lazima nikakione. Kuna mmoja alicheka nilipokwama. Nikamngoja amalize, kisha nikamjibu swali lake, na lilikuwa swali zuri. Nilikuwa nimekaa na hamu ya maswali yale tangu mwaka jana bila kujua.

Walijumlisha pale pale na kusoma kwa sauti. Mchora ramani alikuwa wa pili. Alinipa mkono akasema nikifika kwenye kile kisima nimwite achore ramani.

Ninaanza Jumatatu ya tarehe kumi na moja mwezi ujao, saa mbili asubuhi, mwaka wa kwanza, ukumbi mkubwa. Wanasema wamejiandikisha wengi hadi baadhi watakaa kwenye ngazi. Barazani ulikuja bila kualikwa. Huku nakualika. Kaa popote upendapo, nyuma au mbele, na usimpigie mtu yeyote simu. Mahali fulani nitakwama, sijui wapi. Utasubiri pamoja na wengine.

Mpwa wako